Waliniambia ni fangasi, nikadai kipimo

Mtu akikwambia "hiyo ni fangasi tu" kabla hajakupima, muulize amejuaje. Mimi niliambiwa hivyo na wauza dawa, nikaambiwa na rafiki zangu, na muuguzi mmoja akaniandikia vidonge vya kuweka ukeni tukiwa tumesimama kwenye korido. Mwingine akasema UTI. Yupo pia aliyenishauri nijioshe ndani kwa maji ya chumvi na sabuni yenye manukato, na ushauri huo bado unanipandisha hasira. Uke una bakteria wake wanaoulinda. Ukijiosha ndani unawaondoa hao, na ugonjwa unabaki palepale.

Mimi sikuwa nawashwa hata kidogo. Nilikuwa natoka uchafu wa manjano, na kilichonitisha zaidi ni damu baada ya tendo la ndoa. Fangasi kwa kawaida huja na muwasho na uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda. Damu baada ya tendo ina mambo yake: yaweza kutoka kwenye mlango wa kizazi uliovimba kwa magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono, na yaweza kuwa dalili ya saratani. Hakuna wa kukutofautishia hayo kwa kukusikiliza tu. Lazima aangalie, na lazima apime.

Nikaandika maswali mawili kwenye karatasi nikaingia nayo kliniki. Je, nina ugonjwa wa zinaa? Je, mlango wangu wa kizazi uko salama? Wanawake wenzangu, hayo ni mambo mawili. Kipimo cha klamidia hakisemi lolote kuhusu HPV, yaani virusi vinavyoleta karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na kipimo cha HPV hakionyeshi klamidia. Huko nyuma niliwahi kuambiwa "umepimwa kila kitu, uko sawa", kumbe hicho kila kitu kilikuwa mkojo wa kuangalia UTI na damu ya VVU. Siku hizi nauliza: mmepima nini, kwa jina?

Sasa kile chuma cha kufungulia uke. Mara ya kwanza ilishindikana kabisa. Mhudumu alikuwa na haraka, chuma cha baridi, hakusema anachofanya, mwili wangu ukajifunga na akaanza kunigombeza eti silegezi mwili. Nikamwomba aache, nikavaa, nikaomba mtu mwingine. Una haki ya kusema acha. Mama aliyenipokea baadaye alikipasha moto kwa maji ya vuguvugu, akachagua kidogo zaidi, akaniambia nikunje ngumi niziweke chini ya makalio ili nyonga inyanyuke. Kisha akasema, "Mwanangu, kohoa." Nilipokohoa kikaingia, nikashangaa kimeingia saa ngapi. Halafu pumzi, unaitoa polepole kwa mdomo. Nimewafundisha wengi ujanja huo. Alipogusa mlango wa kizazi kwa kijiti cha pamba ukatoa damu papo hapo, akanionyesha kile kijiti.

Majibu: klamidia. Nilipewa doxycycline ya miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 7. Imeze kwa maji mengi na usilale hapohapo, inaunguza koo. Mjamzito hupewa dawa nyingine, kwa hiyo sema mapema kama una mimba.

Mume wangu akasema yeye haumwi popote. Wanaume wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, na wanawake wengi pia, ndiyo maana inakaa kimya hadi inapanda kwenye mirija na kuleta ugumba au mimba ya nje ya kizazi. Sikumwuliza ameitoa wapi, maana kipimo hakisemi aliyeanza wala lini. Nilimwambia, "Baba, nikitibiwa peke yangu tutarudishiana." Akaenda, akatibiwa, tukajizuia mpaka wote tulipomaliza. Baada ya miezi 3 nikarudi kupima tena, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida sana.

Lile swali la pili nalo lilileta jibu. Sampuli ya HPV nilijichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, kijiti laini, unakizungusha, basi. Ikatoka chanya. Nilishikwa na hofu mpaka nikaelezwa kwamba mara nyingi mwili huondoa virusi hivi wenyewe ndani ya miaka 2 hivi, na kwamba chanya haina maana ya saratani. HPV yenyewe haina dawa, kinachotibiwa ni mabadiliko yanayoletwa nayo. Wakanipaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, wakasubiri kama dakika moja. Kukatokea kidoa cheupe pembeni ya tundu lake, ndiyo hayo mabadiliko. Nilikiona kwenye kioo, kidogo, kina kingo zilizo wazi.

Walikichoma kwa kifaa cha joto, kwa sekunde chache, bila kulazwa. Inauma kama tumbo la hedhi kisha inapoa. Jiandae na majimaji kwa wiki kadhaa, nunua pedi za kutosha. Gharama zote pamoja hazikufika nilizotumia kwa dawa za kubahatisha.

Mwaka uliofuata kipimo cha HPV kilitoka hasi. Binti yangu nimempeleka chanjo, kwa kuwa inafaa zaidi kati ya miaka 9 na 14, kabla hajaanza mambo hayo. Akifika 30 atapimwa pia, au 25 kwa anayeishi na VVU, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Chanjo inazuia aina za HPV zilizo hatari zaidi, namba 16 na 18, lakini haizuii zote.