Ng'ambo ya Kwanza ya Samatta

Hapa Kigoma neno ng'ambo lina maana mbili, na mtoto wa Ujiji huijua ile ya karibu kabla ya ile ya mbali. Ng'ambo ya kwanza ni Kongo, ile milima inayojitokeza upande wa pili wa ziwa siku ambayo mvua imeosha vumbi hewani. Ng'ambo ya pili ni Ulaya, ambayo wengi wetu tumeiona kwenye skrini ya kibandaumiza tu. Nimewafundisha vijana mpira wa miguu hapa kwa miaka kadhaa, na kila ninapowasikia wakimzungumzia Mbwana Samatta naona kwamba habari yake wanaianzia mahali pasipo pake. Wanaianzia Uingereza, alipochezea Aston Villa. Kwa maoni yangu, mshambuliaji yule alitengenezwa katika ng'ambo ya kwanza, na anayeiruka sehemu hiyo hataelewa kilichofuata.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akapitia African Lyon, kisha Simba, ambako hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 18, Wakongo wakamchukua. Wapo waliosikitika wakati ule. Waliuliza kwa nini kijana mwenye kipaji kama kile aende Lubumbashi badala ya kusubiri Ulaya, kana kwamba Ulaya ilikuwa imesimama mlangoni ikibisha hodi. Sisi wa huku hatukuliona jambo hilo kuwa la ajabu, kwa sababu jezi za Mazembe zenye mistari myeusi na myeupe zilikuwa zikifika bandarini Kibirizi pamoja na wafanyabiashara wa Kongo tangu zamani, na tulijua kwamba ile haikuwa timu ya kawaida. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010 mfululizo, na mwezi Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilipofungwa 3-0 na Inter Milan mjini Abu Dhabi.

Fikiria basi mazoezi ya kila siku ya kijana huyo. Beki aliyemkaba asubuhi alikuwa Stoppila Sunzu wa Zambia, yuleyule ambaye mwezi Februari 2012 alipiga penalti ya mwisho iliyoipa nchi yake Kombe la Mataifa ya Afrika. Aliyempigia pasi alikuwa Rainford Kalaba, Mzambia mwingine. Langoni alikuwepo Robert Kidiaba, kipa aliyejulikana bara zima kwa kushangilia akirukaruka ameketi kwa makalio. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa naye kikosini. Zaidi ya hayo, na hili ndilo ambalo watu wasio wa huku huwa wanalisahau, Lubumbashi wanazungumza Kiswahili. Ni Kiswahili chao, chenye Kifaransa ndani na matamshi yanayotuchekesha hata sisi tuliozoea Wakongo, lakini kijana wa Mbagala anaweza kununua nyanya sokoni, kumwelewa jirani na kugombana na kinyozi bila mkalimani. Mshambuliaji aliye ugenini huishi kwa kujiamini, na upweke wa lugha ni kitu kinachokula kujiamini haraka kuliko benchi. Samatta alipata nafasi ya kuwa mgeni kwa kiasi, si kwa ghafla.

Alikaa huko karibu miaka mitano. Vijana wangu wakisikia hivyo hukunja uso, maana kwao miaka mitano ni maisha. Mwaka wa mwisho ndio uliozaa. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 alifunga mabao 7, na hakuna aliyemzidi; Mazembe ikaifunga USM Alger 2-1 kule Algiers na 2-0 nyumbani, naye akafunga penalti katika kila mechi ya fainali hiyo. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, huku Kidiaba akiwa mmoja wa aliowashinda. Mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji.

Genk nayo ilichaguliwa vizuri, awe alichagua yeye au washauri wake. Ni klabu inayoishi kwa kukuza na kuuza: Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois walitokea pale, na Kalidou Koulibaly alipita pale akielekea Napoli. Katika msimu wa 2018/19 Samatta alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo. Mlolongo huo ulikuwa na kazi ya kiutawala pia. Kanuni za Uingereza za wakati ule zilimpa kibali cha kazi cha moja kwa moja mchezaji anayecheza mara kwa mara katika timu ya taifa iliyo ndani ya 50 bora za FIFA, na Tanzania ilikuwa mbali sana na hapo. Ombi la mchezaji wa aina hiyo lilihitaji kujengewa hoja, na hoja hujengwa kwa mechi na mabao ambayo tayari yameandikwa mahali fulani.

Sasa niseme juu ya mabao ya kichwa, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa mpira na siwezi kujizuia. Kati ya tarehe 5 Novemba 2019 na tarehe 1 Machi 2020, muda usiofika miezi minne, Samatta alifunga mabao matatu ambayo Watanzania watayakumbuka kwa muda mrefu, na yote matatu yalikuwa ya kichwa. La kwanza ni la Anfield, Genk ilipofungwa 2-1 na Liverpool: kona inapigwa, yeye anawahi nguzo ya karibu na kuruka mapema kuliko wanaomkaba. La pili ni la Bournemouth, tarehe 1 Februari, katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. La tatu ni la Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. John Stones, beki wa City, anateleza, Anwar El Ghazi wa Villa anapiga krosi, na Samatta anajitupa chini na kuupiga mpira ukiwa karibu na usawa wa magoti. Villa walifungwa mechi zote mbili, 2-1 na 2-1, jambo ambalo huku halikumzuia mtu kushangilia.

Ile ya Bournemouth niliiona Mwanga, hapahapa Kigoma, kwenye banda la mabati. Ilikuwa Jumamosi, mechi inaanza saa 12 jioni kwa saa zetu, umeme umekatika tangu mchana na mwenye banda amewasha jenereta ambayo mlio wake ulimfunika mtangazaji. Dakika ya 70 mpira ulipofika kichwani kwa Samatta, hatua chache kutoka langoni, mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa ameinama kutafuta kiatu chake, na alipoinua kichwa watu wote walikuwa wamesimama. Akadai arudishiwe hela yake. Mwenye banda akamwambia, "Mzee wangu, wenzako wameona."

Kilichofuata Villa hakikuwa kizuri, nami sioni haja ya kukipamba. Alinunuliwa kwa sababu Wesley, mshambuliaji wao Mbrazili, aliumia goti siku ya mwaka mpya. Mwezi Machi ligi ikasimama kwa ajili ya Korona, iliporejea mwezi Juni hakufunga tena, na mwezi Septemba klabu ikamnunua Ollie Watkins. Samatta akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Baadaye alipita Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK na kutwaa ubingwa wa Ugiriki mwaka 2024, kisha Le Havre ya Ufaransa mwaka 2025. Kuna wanaoita safari hiyo kushuka. Mimi naona ni kazi ya kawaida ya mshambuliaji: hununuliwa kuziba pengo, na pengo likibadilika sura hutafutiwa pengo jingine. Wachezaji wachache sana waliozaliwa katika nchi yoyote hulipwa kwa kufunga mabao wakiwa na miaka 32.

Nina kinyongo kimoja kinachonirudisha kwenye mada hii mara kwa mara. Mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 hupewa asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 hupewa asilimia 0.5. Kwa ada ya shilingi bilioni 1, klabu iliyokaa na mtoto akiwa na miaka 13 na 14 ingepata milioni 5, fedha zinazotosha mipira na jezi za timu kama yetu kwa misimu kadhaa. Lakini klabu iwe imesajiliwa na chama cha mpira, na iwe na ushahidi. Kijana mmoja aliyeanzia kwetu alikwenda kucheza nje, na wakati kumbukumbu zake zilipotafutwa, daftari letu lilikuwa limekaa msimu mzima wa masika kwenye stoo inayovuja. Kurasa zilikuwa zimegandamana. Niliyeliandika jina lake mle ni mimi mwenyewe, kwa wino wa kalamu ya shilingi mia mbili, na nilipozibandua nilipata herufi tatu za jina lake na doa la bluu mahali pa tarehe ya kuzaliwa.

Tangu hapo naandika majina mara mbili, nakala moja inakaa nyumbani kwenye sanduku la bati, na kila mtoto huleta cheti cha kuzaliwa kabla hajagusa mpira. Wazazi wengine hunung'unika. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea ujumbe wa simu kutoka kwa mtu aliyejiita wakala, akidai fedha za viza ili kumpeleka mwanawe, mwenye miaka 15, kwenye majaribio Ulaya. Nilimweleza kwamba kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na hiyo si mojawapo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na Kongo je, mwalimu?" Nikamwambia hata Kongo ni nchi nyingine, dada yangu, kanuni ni ileile, atimize 18 kwanza, kama Samatta alivyotimiza.

Mwanawe alikuwa nyuma yetu, chini ya mwembe ambako tumetundika mpira kwa kamba kwenye tawi. Alikuwa akiruka na kuukosa, kwa kuwa alisubiri hadi mpira uwe juu yake ndipo ainuke. Nikamwita, nikamrudisha hatua tatu nyuma, nikamwambia aanze kukimbia wakati kamba ingali inakwenda upande wa pili.