Keti Kwanza, Uhesabu

Somo la wiki: Luka 14:25–33

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Vyuo vimefunguliwa. Stendi ya Mtwara inashusha vijana na mabegi yao kutoka Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, na wengine kutoka mbali zaidi, wanaokuja kuanza uhasibu, ununuzi na ugavi, masoko au usimamizi wa biashara pale TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) na kwenye vyuo vingine vya mjini. Siku zao za kwanza ni mbio tupu. Foleni ya usajili, foleni ya benki, kutafuta chumba, kutafuta darasa ambalo ratiba inasema liko huku na wenzako wanasema limehamishiwa kule. Kila mtu anawahimiza waharakishe. Katikati ya mbio hizo Bwana anasema: keti kwanza.

"Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" (Luka 14:28).

Tusilipunguze Neno hili. Yesu hakuwa akifundisha bajeti. Makutano mengi walikuwa wakimfuata, naye akageuka akawaambia wazi gharama ya kumfuata, tena gharama yenyewe ni kuacha vyote. Lakini tazama mfano aliouchagua. Anachukulia kwamba mtu mwenye busara akianza kazi kubwa huketi na kupiga hesabu, na wala haoni hesabu hiyo kuwa upungufu wa imani. Kijana anayesema "Mungu atafungua njia" ilhali hajui ada yake ni kiasi gani wala awamu ya pili inalipwa lini, huyo bado hajaketi.

Wanaosoma uhasibu watapenda kujua kwamba maelezo ya kwanza kuchapishwa kuhusu uwekaji hesabu wa pande mbili, yaani kila muamala kuandikwa mara mbili, debiti na krediti, yaliandikwa na mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, yakatoka Venice mwaka 1494. Anaanzaje? Anamtaka mfanyabiashara, kabla ya jambo lolote, aorodheshe kila alicho nacho na kila anachodaiwa. Basi nawe uliyefika juzi, anzia hapo. Tafuta jioni moja ndani ya wiki hii, omba, kisha fungua daftari.

Orodhesha kwanza karatasi zako. Barua ya kujiunga, vyeti halisi vya shule, cheti cha kuzaliwa, nakala zake, picha ndogo, fomu ya afya iliyojazwa na daktari na kugongwa muhuri, stakabadhi za malipo, namba ya NIDA. Viweke vyote kwenye bahasha moja ya plastiki, kwa kuwa jasho la foleni ya Mtwara mwezi wa kumi na moja linaharibu karatasi. Kosa linalorudisha wengi nyuma ni jina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vingine. Usisubiri mpaka dirishani. Tafuta wakili au nenda mahakamani upate hati ya kiapo kabla dirisha la usajili halijafungwa. Malipo nayo yana mtego wake. Vyuo vya serikali hulipwa kwa kontro namba, na ada ina namba yake, hosteli ina yake. Ukilipa ya hosteli kwenye namba ya ada, fedha haijapotea, ila kitanda hujapata, na kurekebisha kunataka barua na subira. Mtu akikupa namba yake ya simu akasema ndiyo ya kulipia ada, huyo ni tapeli, hata awe amevaa kitambulisho shingoni. Na wewe uliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbuka kwamba fedha ya kujikimu haikufikii mpaka usajili ukamilike na uwe umesaini. Aliyechelewa kujisajili ndiye anayelala njaa wenzake wakisherehekea bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo.

Chumba cha kupanga kinataka macho zaidi kuliko haraka. Wenye nyumba wengi huomba kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, kwa hiyo ukikosea umekosea kwa muhula mzima. Uliza luku ni ya kila chumba au ya nyumba nzima. Ya nyumba nzima ndiyo inayozaa ugomvi kila wiki. Jaribu kitasa wewe mwenyewe. Tembea kwa miguu kutoka chuoni hadi pale saa 2 usiku, uone njia ilivyo. Halafu angalia chini ya ukuta, usawa wa kifundo cha mguu. Ukiona mstari wa rangi ya udongo unaozunguka chumba, ujue maji huingia. Sasa hivi ni kukavu na kila chumba kinapendeza. Mvua zetu zinashika Desemba, ukishalipa. Makubaliano yaandikwe, na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ijue umehamia.

Sasa fedha. Tuseme mzazi amekupa 300,000 ikufikishe Krismasi, wiki 8. Toa 30,000 fungu la kumi. Tenga 30,000 ya dharura, yaani nauli ya nyumbani na dawa, na usiiguse. Zimebaki 240,000, ambazo ni 30,000 kwa wiki. Humo 5,000 ni ya kuchapa kazi, kutoa nakala na bando. Chakula kimebaki na 25,000, yaani kama 3,500 kwa siku. Hesabu hiyo inakuambia ukweli mapema: kula kwa mama lishe mara tatu haiwezekani. Mlo mmoja wa kununua mchana, na jioni kupika na mwenzako, hapo inawezekana, hasa mkinunua unga, mchele na dagaa kwa kilo sokoni badala ya kupima kidogokidogo dukani. Kila Jumapili jioni toa kwenye simu au benki 30,000 tu. Fedha inayokaa yote mkononi huisha wiki ya tatu, na wiki ya tatu ndipo wanapojitokeza wakopeshaji wa kausha damu na mikopo ya simu, na rafiki mwenye mkeka wa kubeti wa "uhakika". Mpendwa, usibeti ada. Tunakusihi kwa jina la Bwana.

Daftari hilohilo ndilo litakalokufundisha somo la debiti na krediti linalowatesa wengi mwaka wa kwanza, hasa waliotoka michepuo isiyo ya biashara. Siku uliyopokea: debiti (upande wa kushoto) fedha taslimu 300,000, krediti (upande wa kulia) mtaji 300,000. Ukatoa fungu la kumi: debiti sadaka 30,000, krediti fedha taslimu 30,000. Ukamkopesha mwenzako wa chumba 10,000: debiti mdaiwa, krediti fedha taslimu. Jumlisha. Upande wa debiti una fedha taslimu 260,000, sadaka 30,000 na mdaiwa 10,000. Upande wa krediti una mtaji 300,000. Umetengeneza urari wako wa kwanza, yaani orodha inayoonyesha kwamba pande mbili zinalingana. Wengi hukwama kwa sababu ya ujumbe wa benki, kwamba fedha ikiingia benki husema akaunti imewekewa krediti, basi mtu akahitimisha kuwa krediti ni kupata na debiti ni kupoteza. Benki inaongea kwa vitabu vyake yenyewe: fedha yako kwao ni deni, na deni likiongezeka ni krediti. Kwenye daftari lako tukio hilohilo ni debiti, maana mali yako imeongezeka. Ukilishika hili wiki ya kwanza, miezi iliyobaki ni mazoezi.

Kuna jambo la pili ambalo mwalimu atalifikia baadaye, nalo linagusa roho. Urari ukikubali, umethibitisha tu kwamba debiti na krediti zinalingana. Muamala uliousahau kabisa hauonekani. Ulioandikwa kwenye akaunti isiyo yake hauonekani. Makosa mawili yanayofidiana hayaonekani. Vitabu vinaweza kulingana pande zote na bado vikasema uongo, na ndiyo sababu wakaguzi wapo. Mwanafunzi anaweza kuwa na mahudhurio mazuri, alama nzuri, nafasi kwenye kwaya, na kazi zote amedesa, yaani amenakili za wenzake. Daudi hakuridhika na kulingana kwa nje. Aliomba aingiwe ndani: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu" (Zaburi 139:23). Kudesa kunaanza wiki ya pili, kazi ya kwanza ikitolewa, ukiwa umechoka na kikundi chako cha watu saba kina wanaofanya wawili. Amua sasa. Danieli aliazimu moyoni mwake mwanzoni kabisa mwa masomo ya miaka mitatu Babeli, kabla shinikizo halijazoeleka.

Hesabu na saa zako pia. Hapa nchini krediti moja ya masomo ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo muhula una 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki. Ratiba ikionyesha vipindi vya saa 20 tu, usifurahi. Zilizobaki 20 ni zako wewe na vitabu, na hakuna atakayekukumbusha. Ila wiki ina saa 168. Ukilala 8 kila usiku zimekwenda 56, masomo 40, unabaki na 72. Muda wa sala upo. Upo hata wa kufua na kupiga simu nyumbani. Kinachoula ni kuzurura kati ya vipindi, na simu.

Tuseme pia neno ambalo baadhi yetu hatulipendi. Makundi ya kiroho, TMCS, USCF, CASFETA na kwaya zetu, huwagombania wageni wiki ya kwanza, na kijana mwema hukubali yote. Mazoezi manne kwa wiki, mkesha Ijumaa, semina Jumamosi. Mpaka jaribio la kwanza linafika, hajafungua kitabu, naye anadhani ameteseka kwa ajili ya Injili. Jiunge na kundi moja, ulitumikie kwa uaminifu. Viongozi wa kwaya, muulizeni ratiba yake kabla ya kumpa sare.

Kwa watu wa kusini msimu huu ni wa korosho, na ada za wengi ziko ghalani. Baba amepeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, umepimwa, unasubiri mnada, na baada ya mnada yanafuata makato na kusubiri fedha ya benki. Mtoto usijifiche ofisi ya fedha inapouliza. Andika barua mapema, eleza chanzo cha ada na awamu unazoweza kulipa, ambatisha nakala ya stakabadhi ya mzigo kama ipo. Anayekwenda kabla ya tarehe husikilizwa; anayekwenda siku ya mtihani huonekana mkaidi. Na ukiwa nyumbani, muombe baba akuonyeshe karatasi ya malipo, usome makato mstari kwa mstari. Hilo ni somo la biashara ambalo wa kutoka mikoa mingine hawana.

Hapo hapo kuna jaribu. Mwenye bumu mfukoni huambiwa aingie kangomba: kumpa mkulima mwenye shida fedha kidogo leo, achukue korosho zake kwa bei ya kunyonya. Sheria imekataza, lakini hata isingekataza, Neno limeshakataza. Amosi 8 inawataja kwa sura zao wale wanaongoja sabato ipite wapunguze efa (kipimo cha nafaka) na kuongeza shekeli (uzito wa kupimia fedha). Mkulima unayemfanyia hivyo ana mtoto anayesubiri ada kama wewe.

Kazi ya wiki hii kwa waliofika ni kuandika hesabu tatu, za karatasi, fedha na saa, na kumwonyesha mtu mzima mmoja unayemwamini kanisani. Na kwa jumuiya zetu za Chikongola, Magomeni, Shangani na Ligula: mwenye chumba asipandishe kodi kwa sababu mgeni hajui bei. Kila jumuiya ichukue wanafunzi wawili au watatu kwa majina, iwaalike chakula cha Jumapili mara moja kwa mwezi hadi Krismasi, na mama mmoja awaonyeshe soko na duka la dawa lililo karibu. Anayeweza kuwasaidia kuandika barua ya awamu za ada abaki baada ya ibada, mezani pale karibu na mlango. Aje na kalamu na karatasi.