Usiku kumi na nne

Kazi yangu ya kwanza hapa Cardiff, Wales, ilikuwa kufua mashuka ya hoteli. Siku ya kuanza, msimamizi akaniambia mshahara unaingia kila "fortnight". Mimi nikasikia "forty nights". Usiku arobaini! Nikajisemea, kumbe na Wazungu wana arobaini yao, ila sisi yetu ya maiti, wao ya mshahara. Nikapiga hesabu, nikaona sifiki. Nikakopa pauni 60 kwa binamu yangu, nikawa nakula wali na maharage ya kopo. Siku ya 14 simu ikalia, pesa imeingia. Nikamkimbilia msimamizi kumwambia wamekosea, wamenilipa kabla ya siku. Alicheka mpaka akaegemea mashine ya pasi.

Neno lenyewe halina arobaini ndani yake. Ni "fēowertīene niht" ya Kiingereza cha kale, usiku kumi na nne, likasagwa na ndimi mpaka likawa hivyo. Lilikuwa na mdogo wake, "sennight", usiku saba, yaani wiki, huyo keshakufa.

Kwa nini usiku na si mchana? Mrumi Tacitus aliandika mwaka 98 baada ya Kristo kwamba makabila ya Kijerumani hawahesabu siku kama Warumi, wanahesabu usiku. Katika makabila hayo aliwataja Anglii, ambao ndio walioipa England jina lake. Niliposoma hayo nikamkumbuka bibi yangu Unguja. Kwetu jua likizama, siku mpya imeingia. Bibi akikwambia hitima ni usiku wa Ijumaa, ni Alhamisi baada ya magharibi. Ukija Ijumaa usiku utakuta masufuria yameshaoshwa.

Waweilsi, wenyeji wa hapa Wales, nao wana yao. Kalenda ya mapipa ya taka, niliyoibandika kwenye friji, imeandikwa kwa lugha mbili, na pale penye "fortnight" kwao pana "pythefnos". Mzee jirani akanifafanulia kwa vidole: hiyo ni usiku kumi na tano! Na wiki yao, "wythnos", ni usiku nane. Wanahesabu na ule wa kuanzia, basi muda ni uleule. Sisi tuna mtondo na mtondogoo, lakini kwa wiki mbili hatuna neno moja. Hata hiyo "wiki" tumeichukua kwa Waingereza, na juma tunalo.

Taka zetu huchukuliwa Jumatano alfajiri, kila baada ya usiku kumi na nne. Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya usiku, nikamwandikia Mganda ninayekaa naye: "Tafadhali toa pipa usiku wa Jumatano." Akalitoa, maskini, Jumatano saa tatu usiku, tena akalifuta na kifuniko. Ndani mlikuwa na maganda ya kamba niliopika Jumapili. Tukakaa nayo fortnight nzima.