Bunduki ya baba mu nyumba yenye watoto: vile mi nilifanya hapa Lubumbashi

Wale wenye kusema "weka tu juu ya kabati, watoto hawafiki", tafadhali muache kuwaambia watu ile maneno. Niko na watoto wanne nyumbani, bado wa dada yangu wanaokuja vakansi, na sijaona kitu mu hii nyumba ambacho mtoto hajui kiko wapi. Biskwiti wanajua, simu ya mama yao wanajua, pesa ya kodi wanajua. Mtoto anavuta kiti, juu yake anaweka bidoni, amefika. Kuficha si kufunga!

Bunduki yenyewe ni ya marehemu baba, kalibri 12 yenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu, alikuwa nayo kule shambani barabara ya Kasenga juu ya nguruwe pori wenye kumaliza mihogo. Karatasi ndizo nilianza nazo, juu ruhusa iliandikwa jina la baba, si langu, na sheria ya silaha kwetu Kongo ipo, ile ordonansi-lwa namba 85/035 ya tarehe 3/9/1985. Hapo siongei mengi, kila mtu anajua kukimbilia karatasi inavyochosha.

Shauri zikaja kila upande. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alisema niache kartushi (risasi zake) ndani, wezi wakija usiku nitaanza kutafuta ufunguo? Nikamjibu na heshima yake yote: "Yaya, mwizi anaweza kuja ao asikuje, lakini batoto beko humu kila siku." Mwingine akasema weka usalama tu, inatosha. Huyo ndiye alinikasirisha kweli, juu mu bunduki nyingi za aina hii ile swichi ya usalama inazuia kifyatulio tu, nyundo za ndani zinabaki zimevutwa. Ikianguka vibaya kwenye simenti inaweza kulia na usalama umewekwa.

Basi kofri, ile kabati ya chuma ya kufungia bunduki. Za dukani bei yao inatisha, nikaenda kwa fundi wa kusudere (kuunga vyuma kwa moto) pa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, nikamwomba tole (bamba la chuma) ya milimita tatu, kimo cha kunifika kifuani. Alifanya kazi safi, rangi na kadena (kufuli) kubwa. Mbele ya kumaliza kulipa nikamwambia: "Fundi, sasa fungua bila ufunguo." Akacheka. "Patron, hakuna muntu ataweza." Nikamwonyesha bawaba: zote ziko nje, pini zimeingizwa tu toka juu. Msaidizi wake, kijana mdogo kabisa, akachukua msumari na nyundo, tak tak tak, pini ya juu ikaruka, ya chini ikafuata, mlango ukatoka upande wa bawaba na huku kadena ingali imefungwa vizuri upande wa pili! Fundi alinyamaza kabisa. Naieleza hii kila mara juu makofri mengi ya hapa mjini ndivyo yalivyo mpaka leo.

Dawa yake ni kipande cha chuma bapa, kinasudiwa ndani ya mlango upande ule wa bawaba, toka juu mpaka chini, ukifunga kinaingia nyuma ya fremu. Hata utoe pini zote mlango hautoki. Yule kijana alivuta mpaka jasho, hakuna kitu. Halafu ukuta: nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, na vis (skrubu) za kupanuka zinapasua tofali, ukivuta kwa nguvu zinakuja na vumbi lake, kwa hiyo tulipitisha vyuma virefu vyenye uzi toka ndani ya kofri mpaka upande wa pili wa ukuta, kule tukaweka sahani ya chuma na ekru (nati), ekru nazo zikasudiwa. Yote pamoja na pusipusi ya kuibeba ilipita kidogo dola mia.

Ndani siiweki nzima. Nafungua, naangalia, naingiza kidole mu chemba zote mbili, pale nyuma ya mtutu kartushi inapokaa, hata kama mtu amenipa sasa hivi na kusema iko tupu, halafu naitenganisha, mitutu huku, kitako kule. Kartushi ziko mu kisanduku kingine, chumba kingine, na ufunguo wake anao mama wa watoto, si mimi.

Na kuhusu kartushi musikie hii vizuri. Yaya aliniletea mfuko mzima, nyekundu nyingi na za njano chache ndani yake. Za njano ni kalibri 20! Ya 20 ni nyembamba, ukiitia mu 12 inateleza inapita chemba, inakwama mbele kidogo mu mtutu. Unafungua unaona tupu, unafikiri hukuweka, unaweka ya 12 nyuma yake. Ukipiga, mtutu unapasuka palepale karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vingi vinafanya ya 20 njano. Zilirudi kwa mwenyewe siku ileile, na sipakii kitu mbele ya kuangalia mwanga mu mitutu.

Kutu nayo, toka mwezi wa 11 mpaka wa 4 mvua haina huruma. Ile ala ya ngozi ya baba ni nzuri lakini inashika unyevu, siiwekei bunduki. Mafuta mepesi ya sherehani kwenye kitambaa yanatosha, na mitutu naisimamisha mdomo chini ili mafuta yasishuke upande wa makanika, vile vyuma vya kufyatulia.

Watoto niliwaonyesha mwenyewe, imefunguliwa, wakauliza yote waliyotaka. Sheria yao: ukiona bunduki, hapa ao kwa jirani, usiguse, toka, ita mkubwa. Na wanashika! Huyu wa tatu juzi alirudi kutoka kwa rafiki yake akaniambia kuna moja imesimama nyuma ya mlango wa chumba. Jioni ileile nilienda kumuona yule baba, tukaongea polepole, akaomba namba ya fundi. Nilimpa, na nikamwambia akatae kulipa mpaka bawaba zigongwe mbele ya macho yake.