Mguu wa upande wa bahari

Mtwara, asubuhi ya bamvua

Maji yamekupwa mbali. Ufukwe wa Shangani umebaki tambarare, mchanga umeloa na kushikamana. Saa kama hii ndiyo ya kuutembeza mguu uliowahi kuteguka vibaya. Maji yakijaa, kinachobaki ni ule ukanda mwembamba ulioinamia baharini, na hapo kifundo cha mguu huonewa: mguu wa upande wa bahari hukanyaga kwa kulalia ubavu wake wa nje, kule kule ulikotegukia. Kwa hiyo wakati wa kwenda, mguu mbovu uwe upande wa nchi kavu. Shida ni kurudi, maana unahamia baharini. Basi urudi kwa barabara.

Maumivu ya mwezi wa tano au wa sita tangu kuteguka hayana kelele. Asubuhi hatua za kwanza ni ngumu, mchana mtu anasahau, jioni kamba ya kandambili inaanza kubana. Wengi husema mfupa haujarudi mahali pake, wanamtafuta mchuaji. Mara nyingi mfupa haukuhama kabisa. Kilichochanika ni kano za upande wa nje, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa, hasa ile ya mbele, inayotoka ukingo wa mbele wa nundu ya nje (mfupa unaotokeza ubavuni mwa kifundo) kwenda kwenye mfupa wa kifundo ulio chini yake. Kano hizo huungana ndani ya wiki 6 hadi 12 hivi, ingawa huendelea kukomaa hata kufikia mwaka. Kinachobaki nyuma ni ugumu wa kukunja, unyonge wa misuli ya pembeni ya mguu, na jambo ambalo watu hawalizungumzi: kano ina neva zinazoujulisha ubongo mguu umeelekea wapi bila kuutazama. Zikiumia, habari hufika kwa kuchelewa. Ndiyo maana mguu unateguka tena pale pale, kwenye kijishimo kidogo tu.

Kuupumzisha kulikuwa na maana siku za mwanzo. Mwezi wa tano, kuupumzisha ni kuudhoofisha.

Kwa wanaoswali, kuna kipimo cha kila siku. Katika tahiyatu, mguu wa kushoto hulazwa na mwili ukaukalia, kifundo kimenyooka na kupinda ndani kidogo. Huo ndio mwelekeo uliochana kano. Aliyeteguka kushoto atausikia kabla ya mwenye kuteguka kulia, ambaye yeye hulalamikia vidole, kwa kuwa mguu wake umesimamishwa. Kinachouma na kuisha mtu akisimama hakitishi. Kikiendelea kuuma hadi swala inayofuata, kiti kinaruhusiwa, hakuna haja ya ushujaa.

Ugumu wa kukunja unapimwa ukutani. Simama peku, kidole gumba kikielekea ukuta, kisha peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti libaki linagusa kwa shida, upime kutoka kidole hadi ukuta. Fanya miguu yote miwili. Tofauti ikifika sentimita 2 au zaidi, hiyo ndiyo sababu choo cha kuchuchumaa kimekuwa adhabu na kushuka ngazi kunauma kwa mbele. Kipimo chenyewe ndiyo dawa: mara 10 hadi 15, seti 3, kila siku.

Nguvu za pembeni zinataka tyubu kuukuu ya baiskeli. Ikate, funga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, nyingine izungushe kwenye unyayo, kisha vuta unyayo kwenda nje polepole na uurudishe polepole zaidi. Wengi huuachia urudi wenyewe kwa kishindo, na nusu ya kazi inapotea. Kosa jingine ni goti kuzunguka badala ya kifundo. Lishike kwa mkono. Kunyanyua visigino: 15 mara 3, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja.

Kusimama kwa mguu mmoja ndiko kunakorudisha zile habari za neva. Sekunde 30 mara 3, ukuta ukiwa karibu, hata pale bombani ndoo ya lita 20 inapojaa. Ukizoea, fumba macho. Utashangaa mwili unavyoyumba. Mchanga mkavu uje mwisho kabisa.

Maumivu wakati wa mazoezi yanavumilika yasipozidi 3 kwa 10, ambapo 0 ni kutouma na 10 ni maumivu makali kuliko yote, mradi kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa. Kifundo kikiamka kimevimba, punguza kwa nusu, usiache.

Kuna maumivu ambayo tyubu haitayaweza. Kifundo kinachokwama, au kinachouma ndani kabisa, huenda gegedu, utando laini unaofunika ncha za mifupa, limeumia. Kitu kinachoruka nyuma ya nundu ya nje ni ukano wa msuli, ule unaofunga msuli na mfupa, uliotoka kwenye mfereji wake. Ngozi inayobadilika rangi na kuchukia hata mguso wa kanga inataka daktari mapema. Vivyo hivyo maumivu ya kubonyeza mfupa wenyewe: sentimita 6 za chini za nundu yoyote kwa nyuma, au kile kigongo cha ubavu wa nje katikati ya unyayo, ambako ufa hupitwa kirahisi. Kwa picha ya eksirei kuna hospitali ya Ligula hapa mjini, au ya Sokoine kwa walio Lindi. Picha ikiwa safi haimaanishi mtu anadeka. Eksirei ya kawaida haionyeshi kano wala gegedu.

Oktoba korosho zinaanza kudondoka. Chini ya mikorosho mabibo yaliyooza huteleza kuliko matope, na macho ya muokotaji huwa kwenye korosho. Anayerudi shambani na mguu wa namna hii avae raba zenye kushika kisigino, kandambili zibaki nyumbani, na atoke kabla giza halijaingia.