Nilivyozitoa alama za chumvi kwenye kapeti za gari

Hapa Minneapolis, Marekani, theluji ikianguka tu, malori hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo huchanganyika na theluji iliyoyeyuka, ikapanda na viatu hadi ndani ya gari. Maji yakikauka, inabaki kwenye kapeti, nyeupe na ngumu. Zangu ni nyeusi, za kitambaa, na pale kisigino cha dereva kinapokaa palikuwa pamekakamaa kabisa.

Aliyekulia pwani anajua shati lililoloa maji ya bahari likikauka huwa na mistari myeupe, na dawa yake ni maji matamu. Nikaanzia hapo: chumvi huyeyushwa, kisha hutolewa. Ukisugua tu, unaisukuma chini.

Nilizitoa kapeti zikiwa kavu, nikazikung'uta, nikapiga brashi ngumu, nikafyonza kwa mashine. Hatua hii usiiharakishe, maana punje itakayotoka sasa haitazama ndani ukishamwaga maji. Kisha nikachanganya siki nyeupe na maji ya moto, nusu kwa nusu, nikanyunyizia. Maji peke yake huyeyusha chumvi, ila baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri chumvi ya kawaida hulemewa na barafu, ndipo barabarani huongezwa chumvi za aina nyingine, kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Hizo huvuta unyevu na kuacha utando wa kunata. Siki husaidia kuulegeza.

Nikaacha dakika chache, nikakandamiza kwa taulo kuukuu, nikasuuza kwa maji safi na kuyavuta kwa mashine inayofyonza maji. Zilipoanza kukauka, duara jeupe likatokea tena. Usikate tamaa hapo: ni chumvi ya chini inayopanda pamoja na maji. Rudia kusuuza na kuvuta mpaka taulo litoke safi.

Kukausha nilikaushia ndani ya nyumba, karibu na hita, kwa kuwa gereji isiyo na joto ingezigandisha. Harufu ya siki iliisha zilipokauka. Zulia la sakafu ya gari nalo nililikandamiza kwa taulo, kwani unyevu wa chumvi ukikaa chini yake bati hushika kutu.

Sasa majira ya baridi natandika kapeti za mpira zenye kingo ndefu, zinazosafishwa kwa maji ya moto tu. Za kitambaa nazitoa kwanza, sizipandanishi, na ya dereva naibana kwenye ndoano yake isije ikateleza chini ya pedali.