VARCHAR kwenye COBOL, urefu unaushika mwenyewe

Vijana wanaojifunza COBOL hapa Mwanza (wapo jamani, sio wengi ila wapo, na wana moto kweli) naona wanakwama sehemu moja ile ile, siku wanayotoka kwenye mafaili ya kawaida wakaingia kwenye databesi. COBOL ni ya tangu 1959 na hesabu zake kwa kawaida ni za urefu uliopangwa kabla, ukisema PIC X(60) basi ni nafasi 60, ukiandika UKARA humo zinatumika 5 na zile 55 zinakaa tupu. Databesi nayo ina VARCHAR(60), hii inatunza zile herufi 5 tu na inaandika pembeni kwamba ni 5. PIC X ya kawaida ya COBOL haina kitu cha namna hiyo, kwa hiyo kwenye Db2 (databesi ya IBM) tunakiunda hivi, tuseme ni programu ya orodha ya mialo ya dagaa:

01  MWALO-JINA.
    49  MWALO-JINA-LEN   PIC S9(4) COMP.
    49  MWALO-JINA-TEXT  PIC X(60).

Huko juu ni jina la kundi, ndani kuna urefu (COMP ni namba ya binari), halafu maandishi yenyewe. Kwenye SQL unataja lile kundi tu, :MWALO-JINA, basi.

Swali la kwanza huwa ni kwa nini 49, kwa nini isiwe 05 kama tulivyozoea. Leveli za kawaida za COBOL zinaanzia 01 zinaishia 49, hizo 66, 77 na 88 zina kazi zake maalum, sasa prikompaila ya Db2 (inayosoma SQL ndani ya programu kabla ya kompaila) ikikuta kundi lina vitu viwili vya leveli 49, cha kwanza namba na cha pili herufi, inajua hapa ni VARCHAR. Ukiweka 05 itaona variabo mbili tofauti na itataka kuzijaza na kolamu mbili, hapo ndo unaanza kupata makosa ambayo hayafanani kabisa na tatizo lenyewe. Ukitumia DCLGEN (chombo cha Db2) inakuandikia hizo 49 yenyewe kutoka kwenye tebo na mimi nashauri uitumie kila mara, hakuna sifa yoyote kuandika kwa mkono.

Sasa hapa ndo pa kukaza macho. Ukifanya FETCH (kuchukua rekodi inayofuata), Db2 inaandika urefu kwenye LEN na inaandika herufi za urefu huo tu kwenye TEXT, yale mengine yaliyokuwemo humo haiyagusi. Chukulia rekodi ya kwanza ni NYAMAGANA, herufi 9, inayofuata ni UKARA, herufi 5. Ukichapa TEXT yote kwenye ripoti utapata UKARAGANA. Angalia hilo jina vizuri, mtu asiye wa kanda ya ziwa analipitisha bila wasiwasi, anajua ni kijiji fulani huko visiwani! Hakuna SQLCODE mbaya (namba ya matokeo ambayo Db2 inairudisha), hakuna onyo, programu imemaliza vizuri na ripoti ni ya uongo. Kwa hiyo ama MOVE SPACES TO MWALO-JINA-TEXT kabla ya kila FETCH (kila moja, sio mara moja juu ya lupu), ama uchape MWALO-JINA-TEXT(1:MWALO-JINA-LEN), ila hii ya pili kagua kwanza LEN isiwe 0 maana kukata kipande cha urefu 0 hakukubaliki.

Ukigeuka upande wa kuingiza, Db2 inaamini LEN uliyompa na haihesabu herufi kwa niaba yako. Ukiweka UKEREWE wakati LEN bado ina 5 ya UKARA, kinachoingia ni UKERE. Ukiacha 60 muda wote zinaingia na nafasi tupu 53, na hii ni mbaya kimya kimya kwa sababu ukitafuta kwa alama ya = Db2 inakupatia vizuri tu, ila ukija na LIKE '%EREWE' haioni kitu, jina haliishii pale tena. Na LEN ikiwa na takataka, hasi au kubwa kupita kiasi, utapigwa SQLCODE -311. Namna ya kupata urefu halisi, geuza maandishi, hesabu nafasi tupu zinazotangulia, toa kwenye 60:

MOVE 0 TO WS-TUPU
INSPECT FUNCTION REVERSE(MWALO-JINA-TEXT)
    TALLYING WS-TUPU FOR LEADING SPACES
COMPUTE MWALO-JINA-LEN = 60 - WS-TUPU

Ile MOVE 0 usiiruke, TALLYING inaongeza juu ya kilichokuwepo, haianzi upya.

Wa Oracle nyie mna njia fupi, kwenye Pro*COBOL (prikompaila ya Oracle) unaandika 01 MWALO-JINA PIC X(60) VARYING na prikompaila inakutengenezea -LEN na -ARR (ndiyo, ARR, sio TEXT). Mtindo wa 49 nao unakubali ila lazima uwashe VARCHAR=YES. Ila kule nafasi tupu za mwisho zina ukali zaidi, VARCHAR2 yenye nafasi tupu na isiyo nazo hazilingani hata kwa =.

Kolamu ikiruhusu NULL (pasipo na thamani yoyote) weka na indiketa, yaani namba ya kuonyesha kama ni NULL, PIC S9(4) COMP nyingine pembeni, bila hiyo NULL ya kwanza inakupa -305. Na kwa wenye maelezo marefu, VARCHAR ya Db2 kwenye meinfremu inafika baiti 32704 lakini S9(4) COMP ikikompailiwa kwa TRUNC(STD), chaguo la kompaila, inakatwa kwenye 9999 ukiiwekea namba kutoka kwenye programu, hapo tumia COMP-5, hiyo haikatwi hivyo.

Kuna aliyeniuliza kuhusu majina yetu ya Kisukuma, Ng'wandu, Ng'haya, kama ile alama ya juu itaharibu SQL. Ikipita kwenye variabo haina shida yoyote, Db2 haiisomi kama sehemu ya amri, inaingia kama herufi nyingine na inahesabiwa 1 kwenye LEN.